Nafasi Yako Kwenye Cherehani

Nyumba ya juu ya duka la rangi,
Jumapili mchana, mvua inanyesha.

Mpendwa Kaka Waya,

Hujambo huko uliko? Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimekuachia na usingizi umekurudia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu kabla sijakusalimu mimi, ndiyo kawaida yake. Ameketi hapa dirishani. Macho yamepungua, lakini bado anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, na ukijitia kumsaidia anakununia mpaka jioni.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mara nyingi, hasa pale mwishoni unapouliza kama bado tumekuwekea nafasi yako kwenye bendi. Nitakujibu, Kaka, ila niache nizunguke kidogo kwanza. Mvua hii imenilegeza. Mawazo yananijia yenyewe, mengine ya kweli, mengine ya ndotoni, na leo sina nguvu ya kuyatenganisha.

Juzi nililala mchana kwenye chumba cha kushonea, juu ya rundo la vitambaa, Mama akikanyaga cherehani yake pembeni. Usingizini sauti ile ikapunguza mwendo, ikawa nzito, ikashuka mpaka sakafuni, ikawa ileile tuliyoinasa mimi na wewe kwa redio ya kanda, tukaipunguza kasi hadi ukasema chumba kizima kinapumua. Nikaamka nikitafuta kipaza sauti. Hakikuwepo. Alikuwepo Mama na suruali ya mtu.

Suruali zimetuandama tangu mwanzo. Unakumbuka onyesho la kwanza, tulipobandika matangazo mtaa mzima yenye jina la bendi tu: Cherehani, Jumamosi, saa tisa? Watu wakaja na nguo za kupunguza. Mimi nilitaka ardhi ipasuke inimeze, wewe ukawaambia wakae tu, fundi anakuja. Tulipowasha spika, nusu yao walishika masikio wakatimua mbio. Mchomeleaji mmoja akabaki, kwa sababu zipu yake ilikuwa mkononi mwa Mama. Huyo ndiye Nyundo wetu, mpiga gitaa hadi leo. Zipu ilitengemaa, yeye hakuondoka.

Mwenyewe hajambo. Ameanza kuota mvi na bado anachomelea mageti siku za kazi. Anauliza habari zako kila Ijumaa.

Watu wa redio siku hizi wanatuita panki ya kompyuta, wengine metali ya viwandani. Mama anatuita kelele. Kampuni ya kurekodi hatujawahi kuwa nayo. Ile moja iliyotutaka ilisema tupunguze vyuma tuongeze mapenzi, nawe ukawajibu kwamba mapenzi yamo, wasikilize vizuri. Tukaendelea kunakili sidii wenyewe, na Mama akazishonea mifuko kwa mabaki ya vitambaa. Sasa nakutana na mtu nisiyemjua kabisa, anatoa sidii yetu kwenye mkoba, nami naona kipande cha gauni langu la utotoni. Nabaki nimeduwaa njiani, najiona nimekwisha kuingia nyumbani kwake bila kujua.

Nikuambie nilivyofanya tangu uondoke kwenda kufanya kazi mbali. Kinanda chako nilikifunika kwa kitambaa cheupe, nikawa nakibeba kila onyesho na kukiweka upande wako wa jukwaa. Sehemu zako zilitoka kwenye kompyuta. Wasikilizaji walikuwa wakikitazama, nami nikikitazama, na kati ya wimbo na wimbo nilikuona umesimama pale, umelowa chapachapa, unatafuta pa kuchomeka waya. Ulisema unakuja mwakani. Mwakani ikafika, ikapita, nami nikazidi kubeba. Nilikuwa na hasira nawe na hamu ya kukuona, vyote kwa pamoja, nisijue niimbe kipi. Nyimbo mpya zikagoma. Nyundo akaanza kusema labda bendi ipumzike, na nilijua ana maana gani.

Mwezi uliopita Mama alikuja mazoezini kutafuta mkasi wake. Akapapasa huku na huku, mkono ukagusa kile kitambaa. Akakivuta, akakikunja taratibu, akakitupia begani.

"Mwanangu, kaka yako hajafa," aliniambia. "Yuko kazini. Mbona umemfunika?"

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka Nyundo akatoka nje kuvuta sigara, na unajua havuti.

Nusu ya vitufe vya kinanda vilikuwa havitoi sauti. Tukamwita fundi friji wa hapa chini, dada mmoja mpole sana, akakifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha nyaya. Alipofika kwenye kujaribu, alijaribu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaufuata mdundo wa cherehani ya Mama, akautafutia njia nyingine, ya chini zaidi, na Nyundo akawasha gitaa bila kuambiwa. Tulipiga mpaka jua likahama dirishani. Nikafungua mdomo, wimbo mpya ukatoka, mzima. Dada huyo hapigi kama wewe. Huchelewa kidogo kila mara, nami nimeanza kuimba ndani ya ule mwanya.

Sasa jibu lako. Nafasi haipo tena, Kaka. Nimempa huyo fundi friji, na nimemwambia ni yake kabisa, hamshikii mtu. Najua itakuuma. Hata mimi imeniuma kuiandika, nimesimama mara mbili kwenda kuangalia mvua.

Lakini uliandika kwamba vidole vimekakamaa kwa kazi ya ghalani, na kwamba utakuja vikilainika. Usivisubiri. Hapa hakuna tena anayekungoja upige. Njoo navyo hivyohivyo, uingie, uvue viatu, ule, ulale kitandani kwako mpaka uchoke kulala. Tukipiga kelele chumba cha pili, gonga ukuta kama mtu yeyote mwenye nyumba yake.

Msalimie wifi yangu, na binti yenu ambaye sijapata kumbeba. Nyundo anakusalimu sana. Fundi friji naye anakusalimu, kwa woga. Mungu akulinde kazini na njiani, na usingizi wako aufanye mzito.

Mdogo wako, akupendaye hata bila kinanda,

Sindano