Sosi Yangu na Ulimi wa Mume Wangu

Jumanne, 4 Machi

Siku ya ishirini na tano ya ndoa! Naamka nikitabasamu kama mwehu. Mume wangu amelala, mkono wake umenizunguka — nami natakiwa jikoni hotelini saa kumi na mbili. Kujinasua pale ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kucha nimekata. Manukato aliyonipa siku ya harusi nimeyafungia kabatini. Shefu anasema mpishi anayenukia hawezi kunusa. Vidoleni nina malengelenge manne ya moto. Jana jioni aliyapuliza moja moja. Nikayeyuka.

Alhamisi, 6 Machi

Keshokutwa mtihani. Sosi ya nyanya tu, basi. Tuko wanafunzi sita, watabaki wawili.

Nimepika nyumbani, ya tisa sasa. Mume wangu kaonja macho kafumba. Kasema hajawahi kula kitu kama hicho tangu azaliwe. Sufuria kaifuta kwa mkate!

Niliota tunacheza muziki kati ya masufuria, mvuke kama mawingu, mimi na kofia yangu ndefu nyeupe.

Jumamosi, 8 Machi

Sikulia pale. Nililia chooni.

Nilipika ileile, hatua kwa hatua. Shefu alionja, akatema kwenye tishu. Chumvi imezidi, na nyanya zimeshika chini. Akauliza nyumbani ananionjea nani. Mume wangu. Ndoa ina muda gani? Wiki nne leo. Jiko zima likaangua kicheko, mpaka mwosha vyombo.

"Bibi harusi," akasema, taratibu kabisa, "huyo hata umpe maji ya kusuuzia sufuria, atakuomba ya pili. Tafuta mtu mwenye ulimi."

Amenipa mpaka kesho, Jumatatu — hapana, keshokutwa. Hata siku zinanichanganya. Nijaribu mara moja tu, halafu basi.

Jumapili, 9 Machi

Mchana. Jua limelala mezani, sosi inafuka, yeye na shati lake la bluu… nasahau hata nilichotaka kusema.

Nimemwambia leo yeye ni mteja, si mume. Kacheka, kaniita Shefu wake.

"Mpenzi, ukinidanganya leo, kesho sina kazi."

Kaacha kucheka. Kachota kijiko. Macho hakufumba.

Naandika hapahapa ili nisimtazame usoni. Kaweka kijiko chini, polepole. Kainuka. Kajimiminia glasi ya maji, kaimaliza.

Anajimiminia ya pili.