Kaa la Moto Nililomnyima

Ijumaa

Nisamehe, daftari, wiki tatu sijakugusa. Mtoto anaota meno.

Jumapili napokelewa katika Kanisa Katoliki, kwa hiyo kesho naungama kwa mara ya kwanza. Leo nilimwonyesha katekista dhambi nilizoandika. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama Neema, hizi ni za mama mkwe wako! Mwachie aje aziungame mwenyewe. Nenda katafute zako, na mimi usinionyeshe."

Nilinuna hadi nyumbani Buzebazeba.

Jioni nikichochea jiko ndipo nikaikumbuka dhambi yangu. Wakimbizi walipokuwa wanashuka kwenye maboti pale bandari ya Kibirizi, mama mmoja wa Burundi, mtoto mgongoni, aliniomba kaa la moto apike uji. Nikamwambia moto umezimika, huku moshi unatoka mlangoni na anauona. Akasema asante, akaondoka.

Kwetu moto hanyimwi hata adui. Niliogopa tu, akizoea atarudi kila siku.

Sijamwambia mtu, hata Baba Neema. Naogopa padri atanionaje. Lakini kuiandika tu, kifua kimekuwa chepesi. Kesho nitaanza na hiyo, kabla sijapata nafasi ya kujitetea.