Hasi Thelathini na Tisa

Saluni, chumba cha mbele,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Shemeji hajambo, mgongo wake umepoa? Baridi ya huko imewaachia? Sisi wazima, ila miguu yangu inavimba kwa kusimama kutwa nikisuka watu. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Sasa nisikilize. Nina wivu, na wivu wenyewe ni juu yako. Nimeona nikwambie kabla sijakununia bure.

Tangu uanze kumfundisha binti yangu hisabati kwa simu, saluni haji tena. Zamani akitoka shule alikuwa anakaa hapa chini ya draya, anasimulia mpaka wateja wanacheka. Siku hizi anapita kama hanijui, anakwenda nyuma ya nyumba penye mtandao. Wimbo ni mmoja: mama mdogo kasema tufungue mabano, mama mdogo kasema tutafute vigawo. Na Alhamisi alipokata simu nilimsikia kwa masikio yangu: "Asante, mama." Hilo "mdogo" kalipeleka wapi?

Halafu lile swali ulilomtungia. Mama amemzidi binti miaka ishirini na nne. Ukizidisha umri wao unapata mia tano themanini na tano. Binti ana miaka mingapi? Jamani, Chiriku, hukuona watu wengine wa kuwatungia swali! Aliponisomea akipita hapa saluni, nikaweka kitana chini, nikasema leo nami nitaonekana. Papo hapo nikamjibu: kumi na tano.

Akaniangalia kwa huruma, nayo iliniuma kuliko dharau. "Mama, hujakokotoa. Umejua tu."

Nitakosaje kujua, si nilimzaa mimi? Eti kwa kujua tu mwalimu hatoi alama. Umri wake akauita x, wangu x na ishirini na nne, akazidisha, akapata mlinganyo wa kipeo cha pili wenye majibu mawili: kumi na tano, na hasi thelathini na tisa. La hasi akalikata kwa mstari. "Hili tunalitupa, halina maana." Thelathini na tisa, mdogo wangu, si ndio umri wangu? Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda kulia kwenye sinki la kuoshea nywele.

Najua unamsaidia. Alama zimepanda, mwalimu kamsifu. Ukiacha sasa atafeli mtihani wa mwezi ujao, na mimi sitaki afeli. Ndiyo maana nashindwa hata kukugombeza sawasawa.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu mashavuni kwa niaba yangu. Mungu awakinge na kila baya, awape riziki na usingizi mzuri.

Nina ombi moja. Jumatano, binti akiwa shule, nipigie mimi unifundishe somo la kesho yake. Polepole, maana mabano yananichanganya. Halafu Alhamisi akikupigia, tafadhali usipokee. Mwache aje kwangu.

Akupendaye, japo wiki hii kwa kujikaza,
Dada yako.