Kufuli Mbili za Machela

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Lushoto ukungu hautoki, viazi vinaozea shambani, na mama yako bado anakohoa.

Unasema kompyuta ikipachika diski, yaani ikiiunganisha ili isomeke, sehemu mbili za mfumo hushika kila moja kufuli yake na kuingoja nyingine, mpaka mashine nzima inaganda. Unataka kuondoa kufuli moja, lakini wakubwa wako wa kazini wanasema ziliwekwa kwa sababu.

Hata sisi tulikuwa na sababu. Machela ya kubebea wagonjwa tuliifungia ghalani kwa kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mzee wa kanisa, mwingine kwa mzee wa msikiti, upande mmoja usiihodhi. Dada yangu Hoza aliposhindwa kujifungua, wote wawili waliitwa. Kila mmoja akachukua ufunguo wake, akaketi barazani kumngoja mwenzake ampitie, maana kutangulia mlangoni kungekuwa kumdharau.

Walikutana makaburini.

Tulipomaliza kuzika, waliing'oa kufuli moja. Ufunguo wa ile iliyobaki wakampa jirani wa ghala, na machela haijaibwa hadi leo.

Iliyong'olewa ninayo hapa dirishani, mama. Bado inafunga vizuri.

Bibi yako