Shangazi na choo cha umeme

Weee, kaa chini kwanza. Shangazi amelipiza!

Unakumbuka dukani, walipokwenda kununua choo kipya cha ile boti yao kuukuu ya matanga? Shangazi akasema wachukue cha kupampu kwa mkono, maana betri ya boti imeshachoka. Mumewe akamjibu mbele ya fundi wao wa boti: "Mke wangu, choo si sufuria. Mambo ya boti niachie mimi."

Choo si sufuria! Fundi akacheka mpaka akashika kaunta. Mzee akalipia cha umeme.

Leo wametoka kukijaribu, fundi naye yumo. Huko katikati ya maji mzee akabanwa, akaingia chooni, akabonyeza kitufe. Kikavuta maji, halafu wapi! Betri imekata roho, choo kimejaa mpaka ukingoni, na tumbo bado linamdai.

"Mama watoto, ndoo!"

Ndoo shangazi kaiacha nyumbani. Makusudi! Makusudi, nakwambia!

Akafungua mlango kidogo, akampitishia sufuria. "Pokea, baba watoto. Mimi nilibaki na hii tu, mambo ya boti si nilikuachia wewe?"

Fundi akaangua kicheko. Shangazi akamgeukia polepole: "Cheka tu, mwanangu. Sufuria ni moja, na nchi kavu bado mbali."