Kaka Hakohoi Kwenye Filamu

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Mgongo umepoa? Sisi tunaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe.

Ile filamu ya profesa, yule ambaye marehemu kaka alikuwa msaidizi wake maabarani, inakaribia kutoka. Mwongozaji alituita mimi na mama tuitazame kwanza. Kaka yumo, lakini haugui wala hafi. Profesa anapopewa tuzo, kaka amesimama nyuma anapiga makofi, na wakati ule sisi tulikwisha kumzika!

Nikamwambia mwongozaji, "Kijana wangu, haikuwa hivi."

"Najua, shangazi. Lakini akifa katikati, hadithi inapoa. Mkikataa, itabidi nimtoe kabisa."

Mama akanifinya mkono. "Nyamaza wewe. Umeona hakohoi?"

Tangu siku ile mama hataki mlango ufungwe komeo. Mimi nikifumba macho nisali, nasikia yale makofi.

Mwongozaji anangoja neno letu. Nikikubali, nimemsingizia marehemu uzima. Nikikataa, nimemzika tena, na safari hii mama ananitazama.

Nijibu upesi, mdogo wangu. Tumwache aishi?

Ni mimi dada yako, nakuombea.