Alipogonga Meza

Soweto, Mbeya
Mwezi wa Saba

Kwa kaka yangu Abdulkarim,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini na chai yako mkononi, si umesimama dukani ukipima sukari huku ukisoma kwa jicho moja. Vipi goti? Vipi wifi na kifua chake, baridi ya Iringa mwaka huu inamwachia nafasi ya kupumua? Huku tunaamka na umande mweupe kwenye majani, na mama mkwe anasema miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. Vinginevyo tunaendelea, alhamdulillahi. Njegere za Kilolo ulizotuma zilifika. Tulizimenya wote wawili kutwa nzima, nami nilishukuru kwa sababu mikono ilipata kazi.

Kwenye simu uliniuliza mambo mawili. La kwanza, nashindaje siku nzima humu ndani ya eda. La pili, eda ikiisha uje na gari siku gani kunichukua mimi na vitu vyangu, maana chumba kimeshapakwa rangi. Sikukujibu vizuri. Siku hizi nikishika simu maneno yananiishia, nawe unadhani mtandao umekatika. Kwa hiyo naandika, na naanza na la kwanza.

Nacheza dhumna.

Unalikumbuka lile sanduku dogo la mbao la marehemu mume wangu, lililokuwa linakaa barazani chini ya benchi. Baada ya kumzika Alawi hakuna aliyeligusa. Rafiki zake waliona haya kuja kupiga kelele mlangoni kwa mfiwa, wakahamia baraza nyingine. Asubuhi moja mama mkwe alitoka kufagia, akarudi nalo ndani, akalifuta vumbi kwa pindo la khanga yake, akamwaga kete zote kwenye meza ya kulia chakula. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikitazama ukuta. Hakuniuliza kama nataka. Alisema tu, "Amna, chukua saba."

Sikujua kwamba anaujua mchezo huo. Kumbe baba mkwe alikuja na sanduku lile kutoka Lindi, na akishafunga mlango alimfundisha mkewe, apate mtu wa kujinoa naye kabla ya kutoka barazani kwenda kujitapa. Mama hajawahi kucheza nje hata mara moja.

Sasa nikueleze unavyochezwa, na nakuomba usiruke sehemu hii. Kete ni ishirini na nane. Kila moja imegawanywa sehemu mbili, na kila sehemu ina madoa, kuanzia tupu mpaka sita. Yenye madoa sawa pande zote inaitwa dabo. Unazifudikiza zote na kuzikoroga mezani kwa viganja. Mkiwa wanne kila mtu anachukua saba, na aliyekaa mbele yako ndiye mwenzako. Mnashinda pamoja na kufungwa pamoja, ila ni marufuku kuambiana neno. Mwenye dabo sita anaanza. Anayefuata anaunganisha kete yenye sita, na hivyo hivyo, tatu kwa tatu, moja kwa moja, mstari unakua pande zote mbili. Anayemaliza zake kwanza ameshinda. Mchezo ukifunga, yaani hakuna tena mwenye kete inayokubali, mnahesabu madoa yaliyobaki mikononi na mwenye machache ndiye mshindi. Na zamu ikikufikia huna kete ya kuunganisha, unagonga meza kwa vidole, anacheza mwingine.

Mkiwa wawili, kete zinazobaki zinalala zimefudikizwa. Nasikia wapo wanaoziokota wakikwama. Mama hataki. Anasema huo ni mchezo wa watoto, kama huna, gonga. Mwanzoni nilikuwa natazama zangu tu, akanikanya kwamba zangu hazikimbii, nimtazame mwenzangu amegonga wapi. Akigonga kwenye tano, hana tano, mrudishie tano nyingine.

Siku ile ya kwanza aliyetangulia kukwama alikuwa yeye. Akagonga meza mara mbili, nami nikainuka. Nilikuwa nimeshafika jikoni nimeshika birika la kahawa ndipo aliponiita kuuliza naenda wapi na mchezo uko katikati.

Ilibidi nimweleze. Kaka, mimi dhumna nilikuwa naisikia tu, nyuma ya pazia la mlango. Alawi alivaa pete ya fedha, kwa hiyo akigonga nilijua ni yeye, mlio wake haukufanana na wa wengine. Na kila akigonga watu walicheka na kupiga makofi. Basi nikaelewa kwamba ndivyo mtu anavyoshinda. Nilikuwa naweka kahawa na tangawizi jikoni, napitisha sinia pembeni mwa pazia, namnong'oneza, "Umewapiga tena?" Naye alikuwa anajibu, "Wacha tu."

Mama alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Akasema mwanawe huyo dhumna haikumkubali hata siku moja, alizikumbatia dabo zake mpaka zikamwozea mkononi, na waliokuwa wakicheka walikuwa wakimcheka yeye. Nami nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Mdomo ulifanya kazi hiyo. Ndani hakikusogea kitu.

Baadaye tulipata mtu wa tatu, Mbuke, yule mwanamke wa Kisukuma anayetuletea maziwa. Kwao ni Usangu, kwenye ng'ombe. Tukiwa watatu tunachukua tisa tisa, moja inalala. Naye ana ugonjwa ule ule wa kushikilia dabo, na mama hamwachi, anamwambia, "Uza, Mbuke, uza, bei inashuka." Mbuke anajibu kwamba kwao ng'ombe mkubwa hauzwi kwa maneno ya mtu mwenye njaa. Wanataniana hivyo mpaka maziwa yanataka kuganda.

Ijumaa iliyopita Habibu alikuja kutusalimia baada ya sala. Ndiye aliyekuwa mwenzake Alawi mezani miaka yote. Alikaa barazani, sisi tuko ndani, pazia katikati. Akasikia kete, akauliza nani anacheza. Mama akamwambia ni sisi, na kama ana ubavu akatafute wenzake. Kisha, kwa kuwa anapenda kuisimulia, akampa habari ya kahawa yangu.

Habibu hakucheka. Alisema, "Shemeji, mumeo alijua kwamba hujui." Akaeleza kwamba Alawi kweli mchezo ulikuwa unamshinda, lakini mara nyingine aligonga na kete anayo mkononi. Kete ikifichwa hivyo, wote wawili mnafungwa, na Habibu alikuwa anamfokea. Alimwambia si umwite tu mkeo alete kahawa. Alawi akamjibu kwamba nikiitwa naleta kahawa, lakini yeye akigonga naileta nikiwa na furaha. Habibu akasema wamefungwa mara zisizo na idadi kwa ajili ya kahawa ile, na kwamba ilikuwa nzuri.

Sikulia, kaka. Wanawake wa hapa walinong'ona sana kuhusu macho yangu makavu, na hata hapo sikulia. Niliinuka nikaweka birika jikoni, nikapitisha kikombe pembeni mwa pazia. Habibu akapokea, akanywa, akaaga.

Sasa swali lako la pili. Mama mwenyewe ananihimiza niende. Anasema mimi bado kijana, kwamba Mbuke yupo, kwamba mtu mmoja hahitaji sufuria nyingi. Zangu ameshazifunga kwenye kitambaa. Jumapili aliyarudia hayo yote tukiwa tunacheza wawili, na katikati ya maneno akagonga kwenye tano. Baadaye kidogo akagonga tena kwenye tano. Mchezo ukafunga, tukafunua kuhesabu madoa. Mkononi mwake zilikuwepo kete mbili zenye tano.

Nilimuuliza mbona aligonga na kete anazo. Alizikusanya kwanza zote, akazifudikiza. Halafu akasema kwamba tangu msiba kwenye kile kiti siinuki, asubuhi mpaka jioni, ila akigonga nainuka kwenda jikoni, na nikiwa naenda jikoni natembea kama zamani.

Hana mtoto mwingine, wewe unajua. Mtu aliyesema hana tano na tano zilikuwa mkononi, siwezi kumwamini akisema hanihitaji.

Kaka, sirudi Iringa. Usikasirike. Chumba mpe wifi aweke cherehani yake, mwanga wa lile dirisha ni mzuri. Sijui kama nitapona nikiwa hapa, na sisemi kwamba najisikia vizuri. Najisikia kama mtu aliyelalia mkono wake, umekufa ganzi, anajua tu kwamba bado ni wake. Lakini nitabaki. Mama bado hajui kwamba nimekuandikia haya. Akikupigia, mwambie umekubali.

Ila eda ikiisha uje, bila gari la mizigo. Tunahitaji mtu wa nne, ndiyo maana nimekueleza mchezo wote. Jifunze kabla hujafika, mama hana huruma na mgeni. Atamchukua Mbuke, wewe utakaa mbele yangu. Usishikilie dabo. Ukikwama kabisa, gonga. Nitajua huna kete, na kahawa nitaleta hivyo hivyo.

Mpe wifi salamu zangu na umwambie avae soksi akilala. Mama anakusalimu, ameagiza njegere nyingine. Barua hii nampa Mbuke aipeleke kwenye basi. Mungu akulindie goti na moyo.

Ni mimi mdogo wako,
Amna